Kamera ya Nyumbani: Makosa Yangu ya Dola 145 Mjini Goma

Baba mkwe wangu anaishi Sake, kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Goma, na si mtu wa kuombaomba. Krismasi ya mwaka 2017 alikuja kula nasi, na kabla ya kulala alitamka ombi moja tu: apigwe picha pamoja na wajukuu wake watatu, isafishwe kwenye karatasi, naye akaitundike sebuleni kwake. Ilikuwa saa moja na nusu usiku. Nilichukua simu yangu, nikawapanga kwenye kochi chini ya taa yetu moja, nikabonyeza mara nne au tano. Kwenye kioo kidogo cha simu picha zilionekana nzuri. Nilipozisafisha wiki iliyofuata, mzee alionekana kwa sababu alikuwa ametulia, lakini wajukuu walikuwa michirizi mitatu ya kahawia, na yule mdogo hakuwa na uso kabisa. Nilimpelekea hivyo hivyo. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa ndio watoto wetu?"

Kwa swali hilo niliamua kununua kamera, ile ambayo mitaani kwetu wengi huiita apareye. Sikutaka kamera ya kufanyia kazi ya harusi, wala sikuwa na fedha ya namna hiyo. Nilitaka kamera ya bei ya kati, ya kupiga picha za watoto, ubatizo, komunyo na wageni wa nyumbani. Zamu yangu ya likelemba, yaani mchango wetu wa kupokezana fedha kwa zamu, ilikuwa inakaribia na ingeniletea dola 350, nami nikaamini kwamba zingetosha na chenji ibaki. Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari, kwa hiyo ninaona haya kueleza jinsi nilivyokosea hesabu hizo. Hata hivyo nitazieleza zote, dola kwa dola, maana mtu aliye Goma au Bukavu akikosea kununua kitu cha namna hii hana dirisha la kukirudisha.

Kosa la kwanza lilitokana na kukosa subira. Mwezi Januari 2018, kabla hata ya likelemba kufika, nilipita Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kununua madaftari nikaona kamera ndogo nyeusi ndani ya boksi lenye maandishi makubwa: megapikseli 24. Jina la kiwanda sikuwahi kulisikia. Muuzaji alinihakikishia, "Mama, hii ni orijinali, hata mapadri wananunua hii." Sikumuuliza mapadri gani. Nilitoa dola 75, moja ya noti zangu ikakataliwa kwa sababu ilikuwa imechanika pembeni kiasi cha unywele, nikabadilisha nyingine, nikaenda nyumbani nikiimba.

Picha zake zilikuwa mbaya kuliko za simu. Kwa mbali zilionekana kama zimepakwa uji. Ukizikuza, nywele za mtoto hazikuwa nywele bali doa moja laini. Kijana mmoja mpigapicha, ambaye hufanya kazi kwenye sherehe za parokia yetu, alinieleza kilichokuwamo. Kamera nyingi za aina hiyo zina kihisi kidogo sana, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani ilikuwepo filamu, chenye megapikseli (milioni za nukta) chache, na programu iliyo ndani huitanua picha hadi ifikie namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ni kama kuongeza maji kwenye supu ili sufuria ijae. Kisha akaniuliza swali ambalo lilipaswa kutoka kwangu: picha ninazotaka kusafisha ni za ukubwa gani?

Jioni ile nilikaa na kalamu. Picha ya kawaida ya albamu ni sentimita 10 kwa 15. Ili itoke safi kwa kipimo cha nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji nukta zipatazo 1,181 kwa 1,772, yaani megapikseli 2 na kidogo. Hata picha kubwa ya ukutani ya sentimita 20 kwa 30 inahitaji megapikseli 8 na nusu hivi. Kamera nyingi za viwanda vinavyojulikana, hata za miaka mingi iliyopita, zinafika huko. Kwa hiyo namba iliyokuwa imenivuta Birere haikuhusu shida yangu hata kidogo. Shida yangu ilikuwa giza.

Hapo naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo lote. Goma iko karibu sana na ikweta. Jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, halina jioni ndefu, na kuanzia hapo maisha ya familia yote yanahamia ndani. Nyumba nyingi za mji huu, yetu ikiwa mojawapo, zimejengwa kwa mbao. Kuta za ndani ni za kahawia iliyokolea, dari ni ya kahawia, na mbao hizo zinakunywa mwanga kama udongo mkavu unavyokunywa maji. Ongeza taa moja, ongeza mshumaa siku ambayo umeme umekatika. Watoto nao hawatulii. Kamera inayopiga vizuri ziwani saa nne asubuhi inaweza kushindwa kabisa sebuleni saa moja usiku, na sebule ndiko ambako babu huja kuomba picha.

Mambo mawili ndiyo huamua kama kamera itaona gizani. La kwanza ni ukubwa wa kihisi. Kamera nyingi ndogo za mfukoni, na hata zile zenye zumu ndefu zinazofanana na kamera kubwa, zina kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Kamera za kubadilisha lenzi za daraja la chini la Nikon zina kihisi cha milimita 23.5 kwa 15.6, na za Canon ni ndogo kidogo tu kuliko hapo. Zidisha mwenyewe: cha pili kinazidi cha kwanza mara 13 kwa eneo. Jambo la pili ni upana wa tundu la lenzi, unaoandikwa kwa herufi f na namba, na hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera, ile ya kuvuta ya milimita 18-55, ukiivuta hadi mwisho hufikia f/5.6. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Mara kumi! Niliirudia hesabu hiyo mara mbili, kwa maana sikuiamini, kisha nikaitumia kama swali la mtihani kidato cha nne bila kuwaambia wanafunzi ilikotoka.

Mpigapicha wa parokia alinionyesha chaguo tatu zilizolingana na mfuko wangu. Ilikuwapo Nikon Coolpix B500, yenye zumu ya mara 40 na inayotumia betri nne za kawaida za AA, zile zinazopatikana kila kioski. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, hilo si jambo dogo, nami karibu niichukue kwa sababu hiyo pekee. Lakini kihisi chake ni kile kidogo, na zumu ya mara 40 ingenisaidia kuona mtumbwi katikati ya Ziwa Kivu, si mtoto aliye umbali wa mita mbili. Ilikuwapo Canon EOS 2000D, mpya kabisa mwaka ule, lakini bei yake pamoja na lenzi ilinizidi. Ya tatu ilikuwa Nikon D3300, iliyotoka mwaka 2014, ambayo ingepatikana iliyotumika. Niliichagua hiyo. Leo nikitazama nyuma, naona kamera yenyewe ndiyo jambo pekee ambalo sikulikosea.

Mwezi Machi 2018 nilivuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wetu na Rwanda, asubuhi, nikapanda basi Gisenyi hadi Kigali, kwa kuwa mpigapicha alinieleza kwamba kule kuna wauzaji kadhaa wa kamera zilizotumika na mtu anaweza kulinganisha. Safari ya kwenda na kurudi, pamoja na chakula, ilinigharimu dola 30. Nilikuwa nimeandikiwa kwenye karatasi mambo ya kukagua, na karatasi hiyo ilistahili kuwekwa kwenye fremu. Nilipaswa kumulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu, nikitafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui, kwa kuwa hiyo ni kuvu, nayo ikishaota ndani ya vioo haitoki kwa kufutwa. Lenzi ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa nayo. Nilipaswa kupiga ukuta mweupe na kuangalia kama kuna madoa. Nilipaswa kujaribu kila kitufe, kufungua na kufunga mlango wa betri, kutazama kama miguu ya chuma inayopokea betri ina kutu. Mwishowe nilipaswa kupiga picha moja, kuihamishia kwenye kompyuta na kusoma ndani yake idadi ya mifyatuo, yaani mara ambazo kamera imeshapiga picha, maana kamera za Nikon huiandika ndani ya faili la picha. Ilisomeka elfu ishirini na moja na kitu. Kifyatuzi cha D3300 kilijaribiwa kiwandani kwa mifyatuo 100,000, kwa hiyo kamera ilikuwa bado msichana.

Kulikuwa na kichekesho kimoja. Nilipoiwasha mara ya kwanza ilikataa kupiga, nami nikaanza kumkunjia uso muuzaji. Kumbe lenzi yake ya 18-55 hujikunja, na lazima ubonyeze kitufe kilicho ubavuni na kuizungusha ifunguke ndipo ifanye kazi. Muuzaji alinitazama kwa huruma. Tulikubaliana dola 310, pamoja na lenzi, betri moja na chaja yake, ambayo inapokea umeme wa volti 100 hadi 240 na kwa hiyo haina shida na umeme wetu.

Nilipanda basi la kurudi bila stakabadhi. Ni uzembe wangu. Niliambiwa iandikwe nami nikasema nina haraka. Mpakani niliulizwa kitu ni cha nani na kimenunuliwa kwa bei gani, sikuwa na karatasi ya kuonyesha, nikaishia kulipa ushuru wa dola 25 ambao haukuwa kwenye hesabu yangu. Anayekwenda kununua ng'ambo ya mpaka aweke fedha ya ushuru pembeni tangu nyumbani na adai stakabadhi yenye namba ya kamera iliyochongwa chini ya kasha lake. Stakabadhi hiyo pia itamsaidia siku akivuka tena na kamera yake akitakiwa kuthibitisha kwamba si bidhaa mpya.

Usiku ule mume wangu, ambaye ni fundi wa magari na hupenda mashine yoyote ile, aliishika kamera kwa saa nzima. Tuliwapiga picha watoto wakila. Picha zilikuwa na rangi, nyuso zilionekana, lakini mikono bado ilikuwa na ukungu. Lenzi ilikuwa f/5.6, nikapandisha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, na bado kamera ilihitaji sehemu moja ya 15 ya sekunde ili kupata mwanga wa kutosha. Katika muda huo kijiko cha mtoto kimeshatoka kwenye sahani kikafika mdomoni. Lenzi hii ina kifaa cha kutuliza mtikisiko, lakini kinatuliza mkono wa mpigaji, hakimtulizi mtoto. Nilijua dawa yake tangu siku ya hesabu: lenzi ya f/1.8, ambayo ingenishusha hadi sehemu moja ya 125 ya sekunde au hata chini ya hapo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililoniuma kuliko yote. Mwezi Aprili nilisikia kwamba mtu fulani hapa Goma anauza lenzi ya Nikon ya milimita 50, f/1.8, kwa dola 95. Niliiona, niliimulika kwa tochi, ilikuwa safi kama machozi. Sikumuuliza mpigapicha wangu, kwa kuwa nilijiona nimeshahitimu. Nilipoifunga kwenye kamera iliingia sawasawa, picha ya kwanza ikatoka na ukungu, ya pili ukungu, ya kumi ukungu. Lenzi ile ilikuwa ya aina ya D, ambayo haina mota yake ya kulenga ukali wa picha. Hutegemea mota iliyo ndani ya mwili wa kamera. Kamera zote za mfululizo wa D3000, D3300 yangu ikiwamo, hazina mota hiyo. Ingeweza kutumika kwa kuzungusha pete kwa mkono, na kwa mzee aliyekaa kwenye kiti hilo linawezekana, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu ni sawa na kumfukuza kuku kwa kijiko. Kwenye Nikon za daraja hili, tafuteni herufi AF-S, alama ya lenzi yenye mota yake, kabla ya kutoa hata senti moja. Muuzaji hakukubali kuirudisha, na kwa haki nisingeweza kumlaumu, kwa sababu hakuna alichonidanganya.

Nilimficha mume wangu jambo hilo kwa wiki tatu. Alipoligundua hakunigombeza, aliniuliza tu kama nimeshawahi kumwona yeye akinunua kipuri bila kusoma namba yake.

Tuliweka akiba tena hadi Septemba ndipo tukapata AF-S ya milimita 35, f/1.8, kwa dola 165. Kwenye kihisi cha ukubwa ule, lenzi ya milimita 35 huona upana unaokaribiana na unaoonwa na macho yetu, na ndani ya sebule ya mita nne kwa tano inatosha kuingiza watu wanne bila mpigaji kuegemea ukuta. Lenzi ya 50 ingenilazimu kutoka nje ya mlango. Tangu siku ile, lenzi ya 18-55 hutoka kabatini kwa ajili ya picha za ukoo mzima tu.

Lakini nimeruka komunyo ya binti yetu mkubwa, iliyokuwa mwezi Juni, ambayo ilinifundisha mambo matatu kwa siku moja. Uwanja wa kanisa letu, kama viwanja vingi vya Goma, ni wa mawe meusi ya volkeno. Kamera haijui kwamba ardhi ni nyeusi. Inapima mwanga kwa kudhani kwamba kila inachokiona, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Ikiona weusi mwingi hudhani ni giza, inaongeza mwanga, na magauni meupe ya watoto yanaungua yakawa karatasi tupu isiyo na mikunjo wala lesi. Dawa ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: kwenye mawe yetu, shusha hadi kama 0.7 chini ya sifuri. Kinyume chake hutokea ukimsimamisha mtu mwenye ngozi nyeusi kama sisi mbele ya ziwa linalong'aa au ukuta uliopakwa chokaa. Kamera huona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unabaki kivuli chenye meno. Hapo pandisha hadi 1 juu ya sifuri, au mgeuze mtu ili mwanga umwangukie usoni. Saa sita mchana jua letu liko utosini na macho yanageuka mashimo. Waite watu chini ya baraza. Kimulimuli cha kamera kinasaidia kujaza vivuli mchana, ila usiku ndani ya nyumba ya mbao kinaufanya uso ung'ae kama sufuria na nyuma kuwe lami.

Jambo la pili siku hiyo lilikuwa vumbi. Nilibadilisha lenzi nikiwa nimesimama uwanjani, magari yakipita. Vumbi letu jeusi ni mawe yaliyosagwa, lina ncha, na liliingia hadi kwenye kihisi. Sikuligundua hadi nilipopiga anga juu ya ziwa kwa f/16 na kuona nzi saba ambao hawakuhama kutoka picha moja hadi nyingine. Kwa ujinga nilipuliza kwa mdomo, nikaongeza mate. Kusafishwa kuligharimu dola 20. Siku hizi nabadilishia lenzi ndani ya nyumba tu, uso wa kamera ukiwa umeelekezwa chini, na nina balbu ndogo ya mpira ya kupulizia niliyonunua dukani pa dawa.

La tatu liliniliza. Nilikuwa nimenunua sokoni kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa gigabaiti 64 kwa dola 15. Nilipiga misa yote na chakula cha mchana. Picha za asubuhi zilikuwapo. Zile za kuanzia sadaka hadi keki zilifunguka nusu, nyingine kijivu kitupu. Kadi ilikuwa bandia, uwezo wake wa kweli haukufika gigabaiti 8, na ilikuwa ikikubali picha mpya kwa upole bila kuzihifadhi popote. Binti yangu ana picha za kuingia kanisani na hana hata moja ya kupokea. Tafadhali, kadi yoyote mtakayonunua, ijazeni kwanza kwa mafaili makubwa hadi mwisho, kisha muyafungue yote. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayofanya kazi hiyo peke yake. Kadi ya kweli ya gigabaiti 32, daraja la 10 kwa kasi, niliipata kwa dola 22 kwenye duka lililokubali niijaribu hapo hapo kaunta.

Krismasi ya mwaka 2018 baba mkwe alikuja tena. Sikungoja usiku. Saa kumi alasiri nilimweka kwenye kiti karibu na mlango uliofunguliwa, mwanga wa nje ukimwangukia ubavuni, wajukuu wakamzunguka, nikapiga kwa f/2.8 ili nyuso zote nne ziwe ndani ya ukali wa picha, kwa maana f/1.8 yenyewe hukosa sikio la mmoja ikipata pua ya mwingine. Nilipiga ishirini na mbili. Moja tu ndiyo iliyokuwa na watoto wote watatu macho wazi.

Kwenye duka la kusafishia niliuliza jambo ambalo zamani lilikata kilemba cha mama yangu mzazi pichani: umbo. Picha za simu nyingi na za kamera ndogo zina umbo la nne kwa tatu, ilhali karatasi ya 10 kwa 15 ni tatu kwa mbili. Zikilazimishwa kujaza karatasi hukatwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, juu au chini, na mashine haiulizi kama kuna kichwa. D3300 hupiga tatu kwa mbili, hivyo haikatwi. Mwenye simu aombe picha iachwe na ukingo mweupe. Nilisafisha nakala moja ya sentimita 20 kwa 30, mume wangu akatengeneza fremu ya mbao, tukampelekea mzee Sake. Aliitazama muda mrefu kuliko ile ya kwanza. "Koti langu halina kifungo cha pili," alisema. "Mbona hamkuniambia?"

Niliijumlisha safari nzima mwisho wa mwaka ule. Kamera, safari, ushuru, lenzi ya 35 na kadi ya kweli: dola 552. Kamera ya Birere, lenzi isiyo na mota, kadi bandia na kusafisha kihisi: dola 205, na kwa kuwa lenzi ile nilimuuzia mpigapicha wa parokia kwa dola 60, kamera yake ikiwa na mota, hasara safi ilibaki dola 145. Anayepanga dola 350 kama mimi, ajue kwamba hiyo ni bei ya kamera, si bei ya picha. Na kama familia yenu hupiga picha mchana tu, nje, uani au ufukweni, simu nzuri mliyo nayo inatosha; fedha hiyo ilipieni ada.

Sikuwa nimehesabu jambo moja. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkeno yetu ya Nyiragongo ililipuka, na Alhamisi tarehe 27, ardhi ikiwa bado inatetemeka, tuliamriwa kuondoka katika sehemu kubwa ya mji. Tuliondoka kwa miguu kuelekea Sake pamoja na maelfu ya watu, mume wangu amembeba mtoto mdogo, mimi nimebeba unga, nguo na mfuko wa kamera. Barabarani sikuitoa kamera hata mara moja. Penye wanajeshi, uwanja wa ndege au mpaka haitolewi siku ya amani, sembuse siku ile. Tulipofika kwa mzee usiku ndipo nilipofungua mfuko nikakuta kamera, lenzi na betri mbili, lakini diski yenye picha zote za miaka mitatu na nusu nilikuwa nimeiacha chini ya kitanda Goma, na kadi niliyokuwa nayo nilikuwa nimeifuta ili kupata nafasi.

Tulilala kumi na wanane katika sebule ile. Ukutani, ndani ya fremu ya mbao, ilikuwapo picha ya mzee na wajukuu, koti bila kifungo cha pili, nayo usiku huo ndiyo pekee tuliyokuwa nayo katika maelfu niliyokuwa nimepiga. Binti yangu mkubwa aliishusha, akawaonyesha watoto wa majirani nani ni nani.

Nyumba yetu haikuguswa na diski niliikuta mahali pake. Wiki hiyo hiyo nilinunua ya pili, nikaipakia kwenye boti kwenda Bukavu kwa dada yangu. Kila likizo kubwa anairudisha nami naongeza picha mpya, na kila Krismasi nasafisha kumi za karatasi, tano za kwetu na tano za Sake.